Sikuanguka, nilining'inia

Naomba niliweke sawa kabla halijafika Mbeya: SIKUANGUKA. Nilining'inia. Yule jamaa yangu fundi umeme aliyerusha kwenye grupu la mafundi kwamba mwenzenu kadondokea kwenye posa ya watu kakaa katikati ya shangazi wawili, ni muongo, na drili yangu airudishe.

Mnaonijua mnajua hii kazi sikuichagua, nilizaliwa nikaikuta mlangoni. Babu alianza kubeba zege Magomeni miaka ya 60, kipindi Shirika la Nyumba la Taifa linavunja nyumba za udongo linasimamisha za tofali. Baba kazaliwa 1966, mwaka uleule kiwanda cha Wazo kinaanza kutoa simenti, babu akawa anamwita Saruji na mpaka leo mtaani hakuna anayelijua jina lake la msikitini. Mimi niliingizwa saiti darasa la pili, likizo nzima nanyoosha misumari iliyopinda, msumari kumi vidole vitatu. Sasa hivi na mwanangu yupo, anachanganya mchanga na dharau.

Ukoo wetu una sheria nyingi ila ya darini ni moja, ya babu: kanyaga mbao, dari siyo sakafu. Baba alinifundisha kwa kofi. Mimi namfundisha mwanangu kwa kelele, kila siku, yaani juzi tu nimemwita fundi maiko mbele ya vibarua kwa sababu aliweka kisigino kwenye jipsamu. Juzi tu! Shikilieni hapo.

Sasa kuna mama mmoja wa Chamazi, nyumba yake tumejenga sisi, baba kapandisha kuta na kuweka milango, mimi nikapiga bati. Kanipigia Alhamisi, fundi panavuja, na panavuja juu ya kochi kubwa, na Jumamosi kuna wageni wa posa wa binti yangu. Nikamwambia mama Jumamosi saa mbili asubuhi niko kwako. Jumamosi saa tatu kapiga, nikamwambia niko njiani. Nilikuwa natafuta soksi. Saa nne niko njiani. Mafundi wenzangu msijifanye hamjui njia hiyo.

Nimefika saa saba kasoro. Mama kanuna, kaniambia acha tu utakuja kesho, mimi na kiherehere changu nikasema dakika kumi tu mama. Nikaingia kwenye kitundu cha dari pale korido, nikatambaa, nikakuta tatizo dakika ya tatu. Msumari. Mtu kapiga msumari bondeni mwa bati badala ya mgongoni, na maji ya mvua yanapita bondeni, hata mtoto anajua, kwa hiyo ilikuwa inavuja taratibu miaka yote hiyo. Nimemtukana huyo fundi pale juu mpaka nikakumbuka bati nilipiga mimi.

Ndo nataka kushuka nikafuate silikoni, nasikia hodi hodi. Wageni! Waliambiwa saa nane wamekuja saa saba, Dar es Salaam hii hii, posa, wamewahi. Mama kaja mbio chini ya kitundu kaninong'oneza, "Fundi, kaa hukohuko, usishuke, usikohoe," na NGAZI AKAICHUKUA akaificha jikoni. Korido yenyewe inatokea sebuleni.

Ambao hamjawahi kukaa chini ya bati saa saba mchana Chamazi, kawekeni kichwa kwenye sufuria la maharage mfunike. Nimechuchumaa kwenye kenchi, jasho linadondoka nalidaka kwa mkono lisije likatoboa siri. Na chini nasikia kila kitu. Barua ya posa imewekwa kwenye sinia, bibi wa binti kasema kabla haijafunguliwa tunataka kifungua mlango laki moja. Upande wa pili wanasema elfu hamsini. Wamebishana dakika ishirini, na mimi huko juu nina maoni yangu, laki moja kwa mlango ule? Mlango ule baba alipachika mwenyewe na bawaba moja haijawahi kukaa sawa.

Nimekaa saa nzima na robo. Mguu wa kulia umekufa ganzi, siuhisi kabisa, ni kama wa jirani. Basi pakawa kimya, mshenga anahesabu hela polepole, ukimya ule wa kusikia noti, na hapohapo jogoo akawika.

Jogoo ni mlio wa simu yangu.

Nasikia mzee mmoja anauliza, "Mnafuga kuku juu?" Mimi najipapasa, simu iko mfuko wa nyuma upande wa kulia, nageuka niitoe, nauhamisha ule mguu wa jirani, nauweka. Nauweka wapi? Nikajua kabla haujafika. Niliiona sauti ya babu, sijui kama sauti inaonekana ila mimi niliiona. Na ile jipsamu ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inanyeshewa, na jipsamu ikishalowa jamani si jipsamu tena, ni mkate kwenye chai. Haikulia kwaa wala nini. Ilisema "fuu". Kwanza kisigino, halafu goti, halafu paja, na mimi wote natamani kubaki juu, na nilibaki, kwa sababu mbao ya mbili kwa mbili ya kushikia dari ilinipokea katikati, pale ambapo mwanaume hatakiwi kupokelewa na mbao. Hapo nilitoa sauti. Fundi umeme anasema nililia, ni sauti tu.

Tuone kwa wa chini sasa. Vumbi jeupe limewashukia wazee kwenye kofia na makoti. Katikati ya vumbi mguu mmoja, suruali ya kazi ina tundu ambapo suruali haitakiwi kuwa na tundu, unabembea unatafuta ardhi. Yeboyebo ikachomoka, ikashuka taratibu, ikatua kwenye sinia. Juu ya barua. Na jogoo bado anawika.

Kimya. Halafu nikahisi mikono miwili inaushika mguu wangu kwa upole, kama mtu anapokea mtoto.

"Kijana, umeumia?"

Ningesema nini? Nimelelewa. "Hapana mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Mshenga akakohoa akauliza, "Samahanini, huyu ni wa upande gani?"

Hakuna aliyenidai. Hata mama mwenye nyumba kaniangalia... yaani kauangalia mguu kama hajawahi kuuona. Ndo bibi wa binti akasema, tena taratibu, "Sisi tulitaja kifungua mlango. Kifungua dari nani kakitaja?"

Jamani nyumba ililipuka. Wanacheka, wanagongana, mzee aliyeshika mguu wangu anacheka anautikisa nao, na kila akiutikisa ile mbao inanikumbusha ilipo. Nilikaa vile mpaka ngazi ikatoka jikoni, na aliyeileta ni yeye fundi umeme, aliyekuwa nje anafunga taa ya geti, akasimama kwanza apige picha.

Mengine ya kawaida. Wamenishusha, nimepewa juisi, kifungua mlango wakakubaliana elfu sabini, posa ikapita. Bodi moja ya jipsamu, skimu na rangi nimegharamia mimi, na kochi nimelisugua mwenyewe. Nimeambiwa harusini nitakaribishwa ila nitakaa chini ya turubai.

Aliyepiga simu? Saruji. Alikuwa anauliza pimamaji ya marehemu babu nimeiweka wapi. Nilipomsimulia alinyamaza kidogo, akauliza, "Ulikanyaga mbao?" Nikasema nilikanyaga, baadaye. Tangu siku hiyo mwanangu saiti akiniona napanda ngazi anasema "mzee, mbao," na vibarua wanaitikia.

Silikoni yenyewe, kwa haraka ile, sikumbuki kama niliiweka vizuri. Imenyesha alfajiri hii na simu ya yule mama inaita mara ya tatu sasa naandika hapa kitandani. Ngoja nipokee nimwambie niko njiani.