Maombi ya Bunge la Virginia na Utafutaji wa Ukoo

Mmarekani mweusi anayefuatilia ukoo wake mara nyingi hukwama mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliotoka utumwani. Zile za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana. Ndiyo maana watafiti wa nasaba hugeukia maombi ambayo watu waliyapeleka kwenye bunge la jimbo la Virginia hadi 1865, yaliyohifadhiwa Richmond, mji mkuu wa jimbo hilo.

Wanaoyategemea wana hoja nzito. Sheria ya 1806 ilimtaka mtumwa aliyeachwa huru aondoke jimboni ndani ya miezi 12, la sivyo angeweza kuuzwa tena. Mwanzoni, aliyetaka kubaki ilimbidi aliombe bunge na kujieleza: nani alimwacha huru, familia yake iko wapi. Lucinda, wa Kaunti ya King George, aliachwa huru kwa wosia wa Mary Matthews. Wenzake walipelekwa Tennessee. Yeye alikataa kutengana na mumewe, aliyekuwa mtumwa wa William H. Hooe, akaomba arudishwe utumwani chini ya Hooe huyohuyo. Ombi hilo moja linakupa wosia wa kutafuta, kaunti ya kuanzia, na nyumba alimokuwa mume. Sijui ni daftari gani la sensa lingekupa hayo.

Wanaotahadharisha nao hawakosei. Maneno hayo si ya Lucinda mwenyewe. Ombi linamtaja kwa nafsi ya tatu, kwa lugha ya mwanasheria. Maombi ya aina hii yaliandikwa ili yawaridhishe wabunge wazungu, hivyo sifa za utii na uchapakazi zisichukuliwe kama picha ya mtu. Mimi ningeamini zaidi majina, mahali na wosia, kwa kuwa majirani na karani wa kaunti wangeweza kuvihakiki. Isitoshe, aliyesikilizwa mara nyingi alikuwa na mkubwa nyuma yake. James, jasusi aliyewatumikia wapigania uhuru wa Marekani mwaka 1781, alipewa uhuru wake na bunge hilo mwaka 1787, na ombi lake lilibeba ushuhuda wa Jenerali Lafayette, Mfaransa aliyepigana upande wao. Wangapi walikuwa na jenerali wa kuwasemea?

Kuna pia maombi ya barabara, vivuko na kaunti mpya, yenye safu ndefu za sahihi. Kwa kuwa madaftari ya sensa ya Virginia ya 1790 na 1800 yalipotea karibu yote, sahihi hizo ni hazina kwa historia ya mahali: zinaonyesha nani aliishi karibu na nani na waligombania nini. Kwa nasaba ni hatari. Sahihi haisemi umri wala baba, na baba, mwana na binamu waliweza kutumia jina moja. Bila daftari la kodi au wosia pembeni, nisingemwingiza mtu kwenye ukoo kwa sahihi tu.

Ombi lililokataliwa halikuzaa sheria. Anayepekua vitabu vya sheria zilizopitishwa peke yake atawakosa wengi, kwa hiyo aombe mafungu yenyewe ya maombi, kaunti kwa kaunti, asome hadi majina ya majirani waliotia sahihi.