Maneno ya Kisanskriti Yakuguse Hadi Mfukoni

Kujitamkia maneno mema asubuhi kumeshika kasi Kampala. Wapo wanaokiri baraka kama walivyozoea kanisani, wapo wanaobandika karatasi kwenye kioo, na sasa wapo waliovutiwa na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hasa vijana walioanza kufanya yoga. Hawa nawaunga mkono kwa moyo wote, maana nami ni mmoja wao. Kinachoniuma ni jinsi maneno hayo yanavyotumiwa. "Aham brahmasmi", yaani mimi ni Brahman, asili ya vyote, ni kauli ya Upanishad ya Brihadaranyaka, moja ya maandiko ya kale ya Wahindu, na wanazuoni wa Kihindu wameijadili kwa karne nyingi wakitafakari nafsi ya mtu na asili ya vyote. Leo unaikuta kwenye statasi ya WhatsApp juu ya picha ya gari jipya, mwenye gari akijitangaza kuwa mkubwa.

Kujisifu peke yake hakumjengi mtu. Mwaka 2009 wanasaikolojia wakiongozwa na Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili: watu wanaojiona duni walipojirudia kwamba wao ni wa kupendwa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakutamka chochote. Sishangai. Moyo unajua hesabu zake.

Misemo ya Kisanskriti ninayoipenda inaomba, au inaagiza. "Asato ma sad gamaya, tamaso ma jyotir gamaya": nitoe kwenye uongo unipeleke kwenye kweli, nitoe gizani unipeleke kwenye nuru. Anayesema hivyo amekubali kwamba bado hajafika. "Uttishthata, jagrata", ya Upanishad ya Katha, inaamuru watu wainuke, waamke, wawaendee walio bora wakajifunze kwao. Waswahili wangesema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tazama Gandhi alivyofanya. Akiwa Johannesburg alitaka kuihifadhi moyoni Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, na nafasi hakuwa nayo. Akabandika vipande vya karatasi vyenye aya ukutani, akawa anazisoma asubuhi akipiga mswaki, robo saa hivi. Kwa njia hiyo alihifadhi sura 13. Basi ukibandika msemo kwenye kioo chako hapo Ntinda au Kisenyi, unafanya alichofanya yeye. Ila tazama kilichofuata. Aya zile zilimfundisha kutojilimbikizia mali na kuwa na moyo mmoja katika kupata na kukosa, na yeye alikuwa na bima ya maisha ya rupia 10,000 aliyoikata Bombay. Akaandika barua kwamba bima ile iachwe ife, hata kama pesa alizokwisha kulipa zitapotea. Simshauri mtu mwenye watoto aache bima yake. Ninachokipenda ni kwamba maneno ya kwenye mswaki yalifika mpaka mfukoni.

(Najua wapo Waafrika wanaomkataa Gandhi kwa mambo aliyoyaandika kuhusu watu weusi akiwa Afrika Kusini, na mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana. Hasira hiyo ina msingi. Sisi tunayo sanamu yake Jinja, kwenye chanzo cha Nile, ambako sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni mwaka 1948. Mtu anaweza kuwa na kosa kubwa na bado akawa na jambo la kutufundisha.)

Mimi ni fundi cherehani, na msemo wangu wa kila siku ni wa Gita, sura ya 2, aya ya 47: "Karmanye vadhikaraste ma phaleshu kadachana." Una haki ya kutenda, huna haki juu ya matunda. Wengi huishia hapo, wakajiliwaza nao biashara ikilala. Aya inaendelea na kumalizia kwa kukataza kushikamana na kutotenda, kwa hiyo mvivu hana pa kujificha. Kwenye meza yangu aya hiyo ina sura ya sketi ya shule. Pindo naliacha pana, vidole vinne, ili mtoto akirefuka lishushwe badala ya mzazi kununua sare mpya. Kitambaa kinaongezeka, na bei siwezi kuongeza kwa sababu mzazi anayepima sketi Januari haoni pindo, anaona rangi na kiuno. Faida yake itaonekana mwakani, pengine mikononi mwa fundi mwingine. Siku ninayoshawishika kulibana, ule mstari wa asubuhi unanirudia.

Kuhusu dini niseme waziwazi: haya ni maneno ya maandiko ya Wahindu, na mengine ni dua kabisa. Anayeyauza kama dawa ya mafanikio isiyohusiana na imani ya mtu anawakosea wenyewe. Mlokole au Mwislamu ambaye dhamiri yake inamkataza ayaache kwa amani. Anazo Zaburi, anayo tasbihi yake. Anayeyachukua ayachukue kwa adabu, amwombe jirani wa Kihindu amnyooshee matamshi.

Mwaka huu nimeongeza dua moja ya Upanishad ya Taittiriya, inayosomwa na mwalimu na mwanafunzi pamoja kabla ya somo: "Saha navavatu, saha nau bhunaktu." Inaomba wote wawili walindwe, walishwe, wafanye kazi pamoja kwa nguvu, na mwishoni inaomba wasichukiane. Ninao wasichana wawili wanaojifunza kushona kwangu. Siwalazimishi kuitamka, naitamka mwenyewe. Lakini Jumamosi, kabla ya kugusa pesa ya kodi ya chumba, nawapa kwanza posho yao, maana nimekwisha kuomba wote tulishwe.