Mke kahamishiwa Mtumba, duka liko Kariakoo: nani amfuate nani?

Barua ya uhamisho imefika: mke aripoti wizarani Mtumba, Dodoma. Mume ana duka Kariakoo. Wengi huamua chapuchapu kwamba mume abaki, si treni ipo? Tuanze na hiyo treni.

SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Mara mbili kwa mwezi 124,000. Kwa mwaka 1,488,000, bodaboda hujaweka. Ongeza chumba na sebule Ilazo au Nzuguni. Tuseme kodi ni 200,000, mwenye nyumba anataka ya miezi sita na dalali anadai ya mwezi mmoja: 1,400,000 kabla hujatandika godoro. Bado mtungi wa gesi, na madumu ya maji, maana bomba la Dodoma lina siku zake. Hapo ndoa nyingi huanza kuchechemea: kila mmoja anajiona ndiye anayebeba mzigo, na simu ya jioni inageuka kikao cha madeni.

Kumfuata nako kuna hasara yake. Shelfu zinapanda lori. Wateja waliozoea kuchukua mali kwa kuaminiana hawapandi. Leseni inakatwa upya Jiji la Dodoma, na mtaji unaweza kuliwa miezi kadhaa kabla mtaa haujamzoea mgeni.

Mume angekuwa mtumishi wa umma, angeomba uhamisho wa kumfuata mwenza kupitia kwa mwajiri wake, akiambatisha cheti cha ndoa. Wanaoishi kinyumba hukwama hapo. Tena aliyehamishwa na mwajiri hulipwa stahili za uhamisho. Aliyeomba mwenyewe hujigharamia.

Vijiweni husemwa mkikaa mbali miaka mitatu ndoa imekufa. Haifi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja miaka mitatu ya kutelekezwa kwa makusudi, au ya kutengana kwa hiari, kuwa ushahidi wa kupelekwa mahakamani, na kwa kawaida shauri hupita kwanza baraza la usuluhishi. Kwenda kazini si kumtelekeza mtu.

Kwa maoni yangu mume abaki, ila kwa muda unaofuata kodi: vipindi viwili vya miezi sita, basi. Kodi na nauli zitoke mfuko mmoja, hata kama mshahara wa mke ndio wa uhakika zaidi. Mwezi wa kumi tangu mke ahamie, mume aende Dodoma kutafuta fremu na kuuliza bei zake, kabla mwenye nyumba hajaja kudai kodi ya awamu ya tatu.