Nani Kasema Filamu Lazima Ifike Saa Moja na Nusu?

Juzi rafiki yangu aliniomba majina ya filamu tano ninazozipenda kuliko zote. Ya kwanza kumwandikia ilikuwa La Petite Vendeuse de Soleil (yaani binti mdogo muuza gazeti la Soleil) ya Djibril Diop Mambéty, mwongozaji wa Senegal. Haukupita muda akajibu: "Nimeangalia, ni dakika 45 tu. Mimi nilitaka filamu." Nimelala na jibu hilo, nimeamka nalo, na leo siku ya tatu bado linanichoma. Linanichoma zaidi kwa sababu si lake peke yake. Nimelisikia miaka yote, tena kwa watu wanaopenda sinema kwa dhati.

Basi sikilizeni kinachoingia ndani ya hizo dakika 45. Sili ni binti mdogo wa Dakar, anatembea kwa magongo. Bibi yake haoni, anaimba barabarani apate chochote. Siku moja wavulana wauza magazeti wanampiga kikumbo Sili, anaanguka chini. Anainuka, anakwenda kuomba kazi ileile ya waliomwangusha, maana wanachokiweza wavulana msichana naye anakiweza. Anapewa magazeti ya Le Soleil. Anatokea mteja anayeyanunua yote kwa noti kubwa, na polisi akiiona noti ile mkononi mwa mtoto maskini anajua moja kwa moja kwamba ni ya wizi. Sili hakimbii wala habembelezi. Anataka wafike kituoni, anajieleza mbele ya mkubwa wa pale, na kabla hajaondoka anamtetea mwanamke aliyefungiwa humo mpaka naye anaachiwa. Kisha anakwenda kumnunulia bibi yake mwavuli.

Mwavuli. Waongozaji wangapi wangetuwekea hapo dakika tano za machozi, na muziki wa kutuelekeza tulie wapi? Mambéty anatuacha tumwone bibi yuko kivulini, basi, anasonga mbele.

Na kuna yale maneno kuhusu gazeti lenyewe. Kijana Babou anamweleza Sili kwamba Sud linanunuliwa zaidi kwa kuwa ni gazeti la wananchi, ilhali Le Soleil ni la serikali. Sili anasema ataendelea kuuza Le Soleil, ili serikali iwe karibu na watu. Kila nikiyasikia maneno hayo nasimamisha picha kwanza. Mara nayasikia kama ya mtoto asiyejua siasa, mara kama ya mtu aliyeielewa kuliko sisi sote.

Mwishoni wavulana wanamnyang'anya gongo. Babou anauliza wafanyeje sasa. "Tunaendelea," anasema Sili, na Babou anambeba mgongoni wanapita katikati ya watu. Hakuna aliyeadhibiwa, hakuna aliyetubu. Anayetaka dakika 45 nyingine baada ya hapo, naomba aniambie angezijaza na nini.

Mambéty alifariki Julai 1998, akiwa na miaka 53, kabla filamu hii haijaonyeshwa; ilitoka 1999. Ilikuwa ya pili katika hadithi tatu za watu wadogo alizokusudia kuzitengeneza. Ya kwanza ni Le Franc ya 1994. Ya tatu hakuiwahi. Mtu huyu alikuwa anamalizia kazi yake huku uhai unamponyoka, halafu sisi tunaipima kwa saa ya ukutani!

Najua tatizo linaanzia wapi. Jumba la sinema linauza tiketi kwa vipindi, na mwenye jumba anaogopa mteja atajiona kapunjwa. Mashindano ya filamu fupi ya Cannes, lile tamasha kubwa la sinema la Ufaransa, hayapokei inayozidi dakika 15. Akademi inayotoa Oscar nayo inasema ikizidi dakika 40 hiyo ni filamu ndefu. (Kwa hiyo hata kwa kipimo hicho rafiki yangu kakosea.) Filamu ya dakika 45 inabaki kizingitini, huku ndefu, kule fupi, na isiyo na mlango wa kuingilia haionekani, isiyoonekana haisifiwi.

Lakini Sherlock Jr. ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Marekani, ya 1924, nayo ni ya dakika 45 hivi, na sijamsikia mtu akiiita nusu filamu. Zéro de conduite ya Mfaransa Jean Vigo haifiki hata saa moja, na ilitosha kuwatisha wakubwa wa Ufaransa wakaipiga marufuku toka 1933 mpaka vita vilipokwisha. Ousmane Sembène, naye wa Senegal, alihitaji dakika 20 tu katika Borom Sarret, mwaka 1963. Mwenye mkokoteni anashinda siku nzima akibeba watu na mizigo, mkokoteni unachukuliwa, anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamkabidhi mtoto, anamwambia usiku watakula, anatoka. Anakwenda kuipata wapi hiyo riziki? Sembène hasemi. Nina miaka mingi na swali hilo.

Haya, nakubali, ziko filamu ndefu zinazostahili urefu wake. Jeanne Dielman ya Chantal Akerman wa Ubelgiji, inayomfuata mama mmoja katika kazi zake za nyumbani, inazidi urefu wa saa tatu, na ukimpunguzia yule mama muda wa kumenya viazi umeiua. Hiyo nampa rafiki yangu. Ila Akerman alichukua muda ambao hadithi yake iliutaka, na Mambéty alichukua wa kwake. Kwa nini mmoja aonekane mkamilifu na mwingine aonekane kaishia njiani?

Usiku huu nimemwandikia tena. Sikubishana. Nimemwomba dakika 45, taa azime, na simu aiweke chumba kingine.