Kolamu ya paladi inalaumiwa kwa kosa la Suzuki

Wanakemia wanaopendelea kuchanganya vyote ndani ya chupa kuliko mtiririko, yaani kupitisha kimiminika kwenye kolamu (mrija uliojazwa kichocheo), wana hoja nzito: chembe nano za paladi, metali inayochochea mmenyuko, hazitulii juu ya mkaa unaozibeba. Katika mmenyuko wa Suzuki, unaounganisha molekuli mbili kwa kaboni zao, hawajakosea. Bromidi ya arili, mojawapo ya malighafi zake, huing'oa paladi, ikayeyuka, ikanasa tena mbele kidogo, ikang'olewa tena, hadi ikatokea mlangoni. Kwenye chupa inaweza kurudi juu ya mkaa mmenyuko ukiisha. Kolamuni hairudi nyuma.

Lakini haidrojenesheni, yaani kuongeza haidrojeni kwenye molekuli, nayo hubebeshwa hukumu hiyo, na hapo kolamu inaonewa. Haidrojeni huibakiza paladi katika hali ya metali, hivyo huvuja kidogo mno. Chukua miligramu 100 za mkaa wenye paladi asilimia 10, na nitrobenzini ya 0.05 M (moli 0.05 kwa lita) katika ethanoli, mililita 0.5 kwa dakika. Haidrojeni inayotumika ni karibu mililita 2 tu kwa dakika. Hakuna kuchuja pia, na wote waliochuja wanajua kwamba mkaa huo ukikauka penye mvuke wa methanoli huweza kuwaka wenyewe. Kwa Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ethanoli kwenye chupa wazi huchemka karibu nyuzi 75. Vali ya presha baada ya kolamu inaruhusu nyuzi 100 bila shida. Anayezalisha haidrojeni kwa umeme atumie maji yaliyoondolewa ioni. Maji ya visima vya Makutupora, vinavyolisha Dodoma, yataharibu utando wa kifaa.

Kinachostahili kuwanyima watu usingizi ni namna ya kupima. Miligramu 1 ya paladi iliyovuja kwa lita inaonekana si kitu. Lita hiyo ina gramu 4.7 tu za anilini, zao la nitrobenzini hiyo. Ukikausha kiyeyushi, unabaki na sehemu 215 za paladi kwa milioni. Ingekuwa dawa ya kumeza, gramu moja ingebeba zaidi ya mara mbili ya mikrogramu 100 ambazo mwongozo wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa, unaruhusu kwa siku. Kolamu nayo ina miligramu 10 za paladi, kwa hiyo ingeisha baada ya lita 10. Mavuno hayatakuonya mapema, kwani paladi ya ziada huyashikilia juu hadi karibu na mwisho. Pima metali kwa gramu ya zao kila baada ya saa kadhaa, kisha weka kolamu fupi ya silika yenye thioli (vikundi vya salfa vinavyonasa paladi), daima baada ya kolamu ya paladi: salfa ikitangulia, inakiua kichocheo.

Suzuki ibaki kwenye chupa.