Mji ulikuwa safi, lakini sisi tulikuwa wapi?

Kuna picha inazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp, Delamere Avenue ya Nairobi (Kenyatta Avenue ya leo) miaka ya hamsini, miti imepangwa, magari machache, hakuna hata karatasi chini. Picha yenyewe haina shida. Kilichonikaba ni maneno aliyoandika mtu hapo chini, ati afadhali enzi za mkoloni, mji ulikuwa na mpangilio. Na aliyeandika ni wa rika langu, na babu yake alikuwa kibarua wa mzungu kama wangu. Siku tatu sasa na bado sijayameza.

Sawa, mji ulikuwa safi, hilo nakubali, macho ninayo. Lakini angalia hiyo picha vizuri uniambie sisi tuko wapi. Tuko Kaloleni, tuko Shauri Moyo, tuko Pumwani, tumejazana, wengi wetu kwenye vyumba vilivyojengewa wanaume wasio na bibi wala watoto. Na hatukuwa huko kwa kupenda. Ilikuwa ni sheria, imeandikwa, imepitishwa, imewekewa faini na jela.

Guka wangu, yaani babu, alivishwa kipande, cheti cha kazi ndani ya kikopo cha chuma, akiwa na miaka 16, maana sheria ilisema kila mwanaume Mwafrika kuanzia umri huo. Ilipitishwa 1915, vita ya kwanza ya dunia ikaichelewesha, ikaanza kushika watu 1919 na 1920, wakati wale wanaume waliobebeshwa mizigo ya jeshi mpaka Tanganyika, wale Carrier Corps walioiachia mtaa wa Kariokor jina, ndio kwanza wamerudi nyumbani, waliobahatika kurudi. Mtu ametoka kwa vita isiyo yake halafu anatundikwa kikopo shingoni. Wazee wetu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Ndani kulikuwa na karatasi yenye alama za vidole, kabila, jina la mwajiri, mshahara, siku uliyoanza kazi na siku uliyoachiliwa. Hapo kwa kuachiliwa ndipo ubaya wote ulikuwa. Mzungu asipoweka sahihi kwamba amekuachilia, hakuna kwingine utaandikwa kazi, na ukijiondokea wewe ni mtoro, unatafutwa. Akikupunja, utaenda wapi? Akikuchapa, utaenda wapi? Na hata akikuachilia, mwajiri mpya anasoma mshahara wa zamani palepale, kwa nini akuongezee? Kuna watu wanasema kilikuwa kitambulisho tu. Kitambulisho kinasema wewe ni nani. Kile kilisema wewe ni wa nani.

Kikopo cha guka mamangu anacho mpaka leo, kwa sanduku moja na karatasi za shamba. Kidogo, kinatoshea kiganjani, kutu imekula kona zake, na juu kuna kitundu cha kupitishia kamba. Ukipapasa pale kwa kitundu unasikia chuma imelainika, imesuguliwa na kamba miaka na miaka. Guka alifariki nikiwa darasa la saba, na nakumbuka tukitembea naye barabarani akiona askari, hata kama ni wa kanjo, yaani baraza la jiji, ameketi anakunywa chai yake, mkono unaenda kifuani. Hasemi kitu, haachi hata kutembea. Hiyo ni miaka ya themanini, na sheria ya kipande ilikuwa imeondolewa 1947.

Na haikuondolewa kwa huruma. Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande, alipokamatwa Machi 1922 watu walijaa nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume moto, risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21, waliokuwepo walihesabu zaidi. Ilichukua miaka 25 tena ndio sheria ibadilishwe, iandikishe watu wa rangi zote, na hapo walowezi wakawaka, wakasema kuchukuliwa alama za vidole ni kutukanwa. Soma hiyo tena polepole. Kitu walichofanyia vijana wetu wa miaka 16, siku walipoambiwa nao waweke kidole wakaona ni matusi. Kwa hivyo walijua. Miaka hiyo yote walijua! Na hali ya dharura ya wakati wa Mau Mau ilipoingia, pasi zikarudi kwa Mkikuyu, Muembu na Mmeru.

Ya ardhi nikiianza hatutalala. 1915 walijiandikia kukodi ardhi yetu miaka 999, wenye miaka 999 ambao si raia tumewapunguzia hadi 99 kwa katiba ya 2010 juzi tu. 1923 London ikaandika kwamba maslahi ya Mwafrika ndiyo ya kwanza, na karatasi hiyohiyo ikawaachia wazungu nyanda za juu zenye rutuba, White Highlands, peke yao, 1939 mipaka ikatiwa muhuri, mpaka 1960 ndio kizuizi cha rangi kikaondolewa. Shule, hospitali, behewa la treni, choo, kila kitu kilikuwa na rangi yake.

Huo ndio mpangilio unaoulilia kwa ile picha.

Binti yangu anafika 18 mwezi wa nane. Juzi ameniuliza, "Baba, nabeba nini nikienda kuchukua kipande?" Kitambulisho anakiita kipande, kama sisi wote tunavyosema. Nimemwambia kabla ya kwenda kwa chifu apitie kwa shosho yake, afunguliwe sanduku, akishike pale kwa kitundu.