Asilimia 10 ya NEUROG3: tusilidharau kongosho la maabara

Mwaka 2000 ilibainika kwamba panya waliofutwa jeni ya Neurog3 (kwa binadamu NEUROG3), inayoziamuru seli changa ziwe seli za homoni, huzaliwa na kongosho lisilo na seli hizo, zikiwemo za insulini, na hufa kwa kisukari baada ya siku chache. Mwaka 2006 wakaripotiwa watoto watatu wenye kasoro kwenye jeni hiyohiyo. Waliharisha mfululizo kwa kukosa seli za homoni utumboni, ila kisukari hawakuzaliwa nacho. Je, kongosho la binadamu halihitaji jeni hii?

Jibu lilikuja mwaka 2015 kutoka kwa timu ya James Wells, Cincinnati, iliyotumia seli shina za kiinitete cha binadamu na kuzikuza maabara ziwe seli za kongosho. Nakala zote mbili za jeni zilipoharibiwa kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kuhariri jeni, haikutokea seli yoyote ya homoni. Ilipobaki takriban asilimia 10 tu ya kiwango cha kawaida cha NEUROG3, seli zilitokea, ingawa zilipungua. Asilimia 10! Kwa hiyo mtoto mwenye jeni mbovu ambayo haijazimika kabisa anaweza kuzaliwa na insulini. Kipimo hicho huwezi kukipunguza na kukiongeza ndani ya mtoto aliye hai. Na panya hupotosha kwingine pia: akipoteza nakala moja ya Gata6, jeni nyingine ya kongosho, hadhuriki, ilhali binadamu anaweza kuzaliwa bila kongosho.

Wenye shaka na kongosho hili la maabara wana hoja nzito. Kuzikuza seli hizi huchukua wiki tatu hadi nne, kwa hatua zinazotegemeana. Activin A, protini inayozielekeza seli (nanogramu 100 kwa mililita), isipofanya kazi siku za mwanzo, SOX17, jeni ya alama ya seli zitakazozaa utumbo na kongosho, huwaka kwenye seli chache na hatua zote zinazofuata huharibika. Mwishoni hupatikana pia seli zinazobeba insulini na glukagoni (homoni inayopandisha sukari) kwa pamoja, kama za kijusi. Tena mkato wa Cas9, kimeng'enya cha CRISPR kinachokata DNA, huamsha p53, protini inayolinda seli dhidi ya DNA iliyoharibika, na kuua seli nyingi. Zinazosalia huenda ndizo zenye p53 mbovu. Zile zilizoongezewa kipande cha kromosomu ya 20 kiitwacho 20q11.21 hustahimili kifo na kuzisonga nyingine. Tofauti kati ya kloni mbili (kila moja ni ukoo wa seli uliotokana na seli moja) hapo huweza kudhaniwa ni kazi ya jeni.

Lakini kasoro hizo zinapimika. Linganisha kloni mbili au zaidi zilizohaririwa kwa miongozo tofauti (RNA inayoielekeza Cas9 pa kukata), pamoja na kloni zilizopita mchakato uleule bila kuharirika. Kagua kipande hicho cha 20q kwa PCR, njia ya kunakili na kupima DNA, maana kipande kidogo hupita machoni kwenye picha ya kromosomu. Kisha rudisha jeni: seli za homoni zisiporejea, matokeo hayo yasichapishwe.